Viti 80 kati ya 124: serikali ya wengi inaweza nini Ontario, na nani wa kuizuia

Mwaka 2025 wakazi wa jimbo la Ontario, Kanada, waliitwa kupiga kura mara mbili ndani ya miezi miwili. Februari 27 walichagua Bunge la jimbo lao, na chama cha Progressive Conservative cha Doug Ford kikatoka na viti 80 kati ya 124. Aprili 28 wakachagua Bunge la shirikisho, na chama cha Liberal cha Mark Carney kikapata viti 169 kati ya 343, vitatu pungufu ya wingi. Kwa hiyo siku ile ya matokeo Toronto, makao makuu ya jimbo, kulikuwa na serikali ya wengi na Ottawa, makao makuu ya nchi, serikali ya wachache, na wapiga kura wa Ontario walikuwa na mkono katika zote mbili.

Kwa aliyehamia huko kutoka Bukavu, Kigoma au Mombasa, maswali yalikuwa mengi na yote ya haki. Ford si alishinda Juni 2022? Miaka minne imeisha lini? Asilimia 43 ya kura inakuwaje "wengi"? Na mbona huyu wa Ottawa anahesabu wabunge kila mswada unapoletwa, huyu wa Toronto hahesabu hata kidogo?

Tuanze na nani anafanya nini. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3 ya kaskazini, na Katiba ya mwaka 1867 iligawa kazi kati ya Ottawa na majimbo. Ottawa ina jeshi, sarafu, sheria za jinai na sehemu kubwa ya mambo ya uhamiaji. Jimbo lina hospitali, shule, leseni za udereva, sheria nyingi za kazi na nyumba za kupanga, pamoja na mamlaka juu ya halmashauri za miji. Ukisubiri saa nyingi kwenye chumba cha dharura cha hospitali, malalamiko yako yanakwenda Queen's Park, jengo la Bunge lililo katikati ya Toronto. Ukisubiri majibu ya maombi ya ukimbizi, yanakwenda Ottawa. Watu huchanganya hapa kuliko mahali pengine popote, na wanasiasa wa pande zote mbili hawana haraka ya kuwachanganulia.

Kuna maneno manne tutakayoyahitaji. Eneo bunge ni kipande cha jimbo kinachochagua mbunge mmoja; Ontario ina maeneo bunge 124. Waziri Mkuu wa jimbo ndiye anayeongoza serikali. Luteni Gavana anamwakilisha Mfalme wa Uingereza, ambaye pia ni Mfalme wa Kanada; kwa sasa ni Edith Dumont, naye hutia saini sheria na kulivunja Bunge kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Neno la nne ni imani ya Bunge, yaani hali ya serikali kuungwa mkono na wabunge walio wengi katika mambo makubwa, hasa bajeti. Serikali ikikosa imani hiyo, imekwisha.

Jambo linalowashangaza waliozoea uchaguzi wa rais wa Tanzania, au wa rais na gavana wa Kenya, ni kwamba karatasi ya kura ya Ontario haina mahali pa kumchagua Waziri Mkuu. Unamchagua mbunge wa eneo lako, basi. Doug Ford alikuwa kwenye karatasi za wakazi wa Etobicoke North peke yao. Kiongozi wa chama ambacho wabunge wake wanaweza kulibeba Bunge ndiye anayeitwa na Luteni Gavana kuunda serikali. Mkongomani ataelewa haraka zaidi, kwa sababu Kongo nako wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana wao, ingawa mambo ya baada ya hapo ni mengine kabisa.

Sasa tuje kwenye huo "wengi". Ni wingi wa viti. Nusu ya 124 ni 62, kwa hiyo chama kikifikisha 63 kina serikali ya wengi, hata kama zaidi ya nusu ya wapiga kura walikikataa. Na Ontario imekuwa hivyo mara tatu mfululizo: mwaka 2018 chama cha Ford kilipata asilimia 40.5 ya kura na viti 76. Mwaka 2022 asilimia 40.8 na viti 83. Mwaka 2025 takriban asilimia 43 na viti 80. Ona kwamba kura zilipanda mwaka 2025 na viti vikapungua.

Anayefuatilia ligi ya mpira hahitaji maelezo marefu hapa. Mabao si pointi. Timu inayoshinda moja bila kila wiki itachukua ubingwa mbele ya timu inayofunga mabao mengi msimu mzima lakini inapoteza mechi nyingi mbili kwa tatu. Kila eneo bunge ni mechi yake: anayeongoza hata kwa kura kumi anachukua kiti, na kura za waliomfuata haziendi popote. Mwaka 2025 Liberal wa jimbo walipata asilimia 30 ya kura zote wakaambulia viti 14. NDP, yaani chama cha New Democratic, walipata chini ya asilimia 19 wakapata viti 27, wakabaki kambi rasmi ya upinzani. Liberal walikuwa wa pili mahali pengi. NDP walikuwa wa kwanza mahali pachache, na wa kwanza ndiye anayehesabiwa. Kiongozi wa Liberal mwenyewe, Bonnie Crombie, alishindwa katika eneo lake la Mississauga.

Mtu atasema mfumo huu ni wizi. Si wizi, na haukufichwa. Oktoba 2007 wananchi wa Ontario waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kuchanganya mfumo huu na mgao wa viti kulingana na asilimia ya kura. Takriban asilimia 63 walisema waachiwe wa zamani. Kinachonisumbua mimi ni mahudhurio zaidi kuliko mfumo: mwaka 2022 waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 44 ya wenye haki ya kupiga kura, idadi ya chini kuliko chaguzi zote za jimbo hilo. Piga hesabu, utaona kwamba viti 83 vililetwa na chini ya mtu mmoja kati ya kila watano waliokuwa na haki ya kuchagua.

Baada ya matokeo, nini kinatokea ndani ya Bunge? Mswada husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa tu. Unasomwa mara ya pili kwa mjadala, unapelekwa kwenye kamati, unasomwa mara ya tatu, kisha Luteni Gavana anatia saini. Katika serikali ya wachache kila hatua ni mazungumzo, kwa sababu upinzani ukiungana unaweza kuangusha mswada, kuurekebisha kwenye kamati au kuiangusha serikali yenyewe. Katika serikali ya wengi hatua ni zilezile, lakini mwisho wake unajulikana kabla ya mwanzo. Serikali ina kura za kutosha hata kuamua mjadala uishe lini, na kwenye kamati wabunge wake ndio wengi. Spika huchaguliwa kwa kura ya siri ya wabunge, naye hapigi kura isipokuwa pande zikilingana.

Hapo mtu huuliza: wabunge 80 wote hawawezi kuwa na mawazo sawa, mbona hawakatai? Kuna mnadhimu wa chama, anayehakikisha wabunge wanapiga kura pamoja, na adhabu yake inajulikana. Julai 2020, wakati wa korona, Belinda Karahalios, mbunge wa chama cha Ford kutoka eneo la Cambridge, aliupinga mswada namba 195 uliorefusha mamlaka ya dharura ya serikali. Akatolewa kwenye kambi ya chama. Januari 2021 ikawa zamu ya Roman Baber, aliyemwandikia Ford barua ya wazi kupinga watu kufungiwa ndani. Mtanzania asichanganye mambo hapa. Katika Katiba ya Tanzania mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake anapoteza na ubunge. Ontario mbunge anafukuzwa na chama lakini kiti kinabaki chake. Karahalios na Baber waliendelea kukaa bungeni hadi uchaguzi uliofuata. Wanachopoteza ni nafasi ya kusimamishwa tena na chama, na hiyo inatosha kuwanyamazisha wengi.

Wingi huo unaweza hata kumfunga mbunge wa upinzani mdomo. Oktoba 2023 Bunge lilipitisha hoja ya serikali ya kumkemea Sarah Jama, mbunge wa Hamilton Centre, kwa kauli yake kuhusu Israeli na Gaza. Hoja iliagiza Spika asimpe nafasi ya kuzungumza mpaka aombe radhi na kuifuta kauli hiyo. Chama chake cha NDP nacho kilimtoa kwenye kambi yake. Uipende au usiipende kauli yake, wapiga kura wa Hamilton Centre walibaki na mbunge asiyeweza kusimama kuuliza swali.

Tofauti na serikali ya wachache inaonekana vizuri ukirudi nyuma kidogo. Mwaka 1985 Frank Miller wa Progressive Conservative alipata viti 52 kati ya 125, akawa wa kwanza. Liberal walikuwa na 48 na NDP 25. Vyama hivyo viwili vikaandikiana mkataba, vikaiangusha serikali ya Miller bungeni mwezi Juni, na David Peterson wa Liberal akawa Waziri Mkuu bila uchaguzi mwingine kuitishwa. Wengi waliona ni mapinduzi. Kikatiba lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mwaka 2011 Dalton McGuinty wa Liberal alipata viti 53 kati ya 107, pungufu ya wingi kwa kiti kimoja tu. Kiti hicho kimoja kilimgharimu: upinzani uliokuwa na wingi kwenye kamati ukadai nyaraka za mitambo miwili ya umeme wa gesi iliyofutwa huko Oakville na Mississauga, presha ikapanda, na Oktoba 2012 McGuinty akafunga kikao cha Bunge na kutangaza kwamba anajiuzulu.

Kufunga kikao si kuvunja Bunge, ingawa ni rahisi kuyachanganya. Kikao kikifungwa, miswada ambayo haijapita hufa isipokuwa Bunge liamue kuiendeleza, lakini wabunge wanabaki wabunge na baadaye kikao kipya kinafunguliwa. Bunge likivunjwa, hakuna mbunge tena, ni uchaguzi.

Hilo linatupeleka kwenye swali la miaka minne. Ontario ilipitisha sheria mwaka 2005 ya kuweka tarehe ya uchaguzi kila mwaka wa nne: kwanza Alhamisi ya kwanza ya Oktoba, na baadaye, kwa marekebisho ya mwaka 2016, Alhamisi ya kwanza ya Juni. Kwa mahesabu hayo Bunge lililochaguliwa Juni 2022 lilipaswa kwenda hadi Juni 2026. Lakini sheria hiyohiyo ilisema haigusi mamlaka ya Luteni Gavana ya kulivunja Bunge, naye hulivunja akiombwa na Waziri Mkuu. Tarehe ilikuwa imeandikwa, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kando yake. Januari 28, 2025 Ford akaenda kwa Luteni Gavana. Sababu aliyoitoa hadharani ilikuwa ushuru aliotishia Donald Trump dhidi ya bidhaa za Kanada: alisema anahitaji ridhaa mpya ya wananchi. Wapinzani walimkumbusha kwamba mwenye viti zaidi ya nusu hahitaji ridhaa mpya ili kupitisha chochote, na kwamba hundi za dola 200 ambazo serikali ilikuwa ikizituma kwa wakazi zilifika kwa wakati mzuri mno. Nami sioni kwamba walikuwa wamekosea hapo.

Kuitisha uchaguzi mapema si tiketi ya ushindi. Peterson huyuhuyu wa 1985 alipata wingi mkubwa mwaka 1987, viti 95 kati ya 130, kisha mwaka 1990 akaitisha uchaguzi miaka mitatu tu baadaye akijiona yuko juu. Wapiga kura waliuliza haraka ya nini. NDP ya Bob Rae ikachukua viti 74 kwa asilimia 37.6 ya kura, na Peterson akapoteza hata kiti chake. Ford aliijua historia hiyo, akacheza, akashinda, na kuwa wa kwanza tangu Leslie Frost mwaka 1959 kupata serikali ya wengi mara tatu mfululizo Ontario.

Je, basi serikali ya wengi inaweza lolote? Ndani ya ukumbi wa Bunge, karibu lolote. Breki ziko nje ya ukumbi.

Mahakama ni breki yenye mlango wa nyuma. Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada una kifungu cha 33, kinachoruhusu Bunge la shirikisho au la jimbo kutangaza kwamba sheria fulani itatumika hata kama inakiuka baadhi ya haki zilizomo humo. Tangazo hilo hufa baada ya miaka 5 lisipohuishwa. Haki ya kupiga kura haimo kwenye zinazoweza kusimamishwa. Kwa miongo kadhaa Ontario haikukigusa kifungu hicho. Mwaka 2018 Ford alitishia kukitumia alipokuwa akipunguza kata za jiji la Toronto kutoka 47 hadi 25, lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu iliyompinga, asikihitaji tena. Juni 2021 akakitumia kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo, kwenye sheria ya kubana matangazo ya kisiasa ya vikundi visivyo vyama. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaibatilisha sheria hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwa kutumia haki ya kupiga kura, ileile ambayo kifungu cha 33 hakiigusi.

Mfano wa mwaka 2022 unafundisha zaidi. Wafanyakazi takriban 55,000 wa shule, yaani wahudumu wa usafi, makarani, wasaidizi wa walimu na walezi wa watoto wadogo, walikuwa wanaelekea kugoma. Serikali ikaleta mswada namba 28: mkataba wa kulazimishwa, mgomo marufuku, faini hadi dola 4,000 kwa siku kwa mfanyakazi mmoja, na kifungu cha 33 juu yake ili mahakama isiingilie. Uliletwa Oktoba 31, ukapita Novemba 3. Hivyo ndivyo wingi unavyofanya kazi: siku nne. Novemba 4 wafanyakazi wakaacha kazi hivyohivyo, faini na yote. Vyama vingine vya wafanyakazi, vikiwemo vilivyomuunga mkono Ford kwenye uchaguzi, vikaanza kupanga mgomo wa pamoja. Novemba 7 Ford akaahidi kuifuta sheria, na Novemba 14 Bunge lilelile likaifuta na kutamka kwamba ihesabiwe haikuwahi kuwapo. Wabunge wa serikali hawakupungua hata mmoja kati ya tarehe hizo mbili.

Breki nyingine ni maofisa wa Bunge wasio wanasiasa: Mkaguzi Mkuu, Kamishna wa Maadili na wenzao. Mwishoni mwa 2022 serikali iliondoa takriban ekari 7,400 kwenye ukanda wa kijani uliolindwa kisheria tangu 2005, ili zijengwe nyumba. Kwenye kamati upinzani haukuwa na kura za kuchunguza lolote, kwa hiyo viongozi wake wakamwandikia Mkaguzi Mkuu. Agosti 2023 Mkaguzi huyo, Bonnie Lysyk, akatoa ripoti: mchakato uliwapendelea wajenzi fulani, na thamani ya ardhi yao ingeweza kupanda kwa zaidi ya dola bilioni 8.3. Septemba 4 waziri wa nyumba Steve Clark akajiuzulu. Septemba 21 Ford akaomba radhi na kuahidi kuzirudisha ekari zote. Linganisha na mitambo ya gesi ya McGuinty: wakati wa wachache nyaraka zilitafutwa na kamati ya Bunge, wakati wa wengi ilibidi mkaguzi azitafute.

Hapo ndipo kazi ya upinzani katika Bunge la namna hii inapoonekana. Hawashindi kura. Wanauliza, hasa kwenye kipindi cha maswali kinachoanza saa nne na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, na majibu yanaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ndiyo maana kuwa chama rasmi bungeni ni kitu cha kugombania: kwa sasa kunahitaji viti 12, na kunaleta fedha za watumishi na maswali zaidi. Liberal walikaa bila hadhi hiyo kuanzia 2018 hadi waliporudi na viti vyao 14.

Jambo moja kwa wasio raia. Kupiga kura ni kwa raia wa Kanada wenye miaka 18 na zaidi wanaoishi Ontario. Wenye ukaaji wa kudumu bado. Lakini ofisi ya mbunge mtaani ni ya wakazi wote wa eneo. Kadi ya bima ya afya ya jimbo imekwama, cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakiji, malipo ya walemavu yamesimama: nenda, hata kama mbunge ni wa chama usichokitaka.

Na Bunge hili la sasa litaishia lini? Oktoba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuifuta ile sheria ya tarehe maalumu. Bila hiyo, ukomo unaobaki ni wa Katiba ya Kanada: hakuna Bunge, la jimbo au la shirikisho, linalopita miaka 5. Ndani ya miaka hiyo mwenye wingi anachagua siku yake. Kuna mwanya mmoja tu, wa wakati wa vita, uvamizi au uasi, halisi au unaohofiwa: Bunge linaweza kujiongezea muda iwapo wanaopinga hawazidi theluthi moja ya wabunge. Theluthi ya 124 ni 41 na ushee. Mwaka 2022 wabunge wote wasio wa chama cha Ford walikuwa 41, wasingeweza kuzuia. Baada ya uchaguzi wa 2025 walikuwa 44.